Mdomo wa Chiriku na Fungu la Kwanza la Imani

Makala hii imetokana na kitabu kimoja ambacho hadi sasa kimepita mikononi mwa watu watano, nami nikiwa wa kwanza wao. Si kitabu cha theolojia. Kiliandikwa na Jonathan Weiner, mwandishi wa habari za sayansi wa Marekani, kikatolewa mwaka 1994 kwa jina The Beak of the Finch, yaani Mdomo wa Chiriku, na mwaka uliofuata kikapewa tuzo ya Pulitzer. Nilikikuta ndani ya sanduku la vitabu vilivyoachwa na mwalimu mgeni aliyerejea kwao, kikiwa kimebanwa katikati ya kamusi ya Kiyunani na kalenda za kanisa zilizokwisha muda wake. Nilikichukua kwa sababu ya picha za ndege. Nilipokimaliza nilijua kwamba sitaweza kukirudisha kabatini na kunyamaza, kwa kuwa wakati ule ule nilikuwa na mwanafunzi ambaye kwa miaka miwili hakuwa ameikaribia Meza ya Bwana, na sababu yake ilikuwa jambo hili hili linaloelezwa kitabuni.

Kijana huyo alifaulu vizuri biolojia katika kidato cha sita kabla ya kuitwa kwenye masomo ya uchungaji. Katika semina moja ya vijana alikuwa amefundishwa kwamba yeyote akubaliye mageuko ya viumbe amekwisha kumkana Muumba, na akila Chakula cha Bwana anajilia hukumu. Hakuweza kusema uongo kwamba haamini aliyoyasoma, wala hakuweza kumwacha Kristo. Basi alijitolea kupiga kinanda kila mara ushirika ulipotolewa kanisani kwetu, nasi walimu tukamsifu kwa bidii yake. Siku aliponieleza ukweli huo ofisini kwangu niliona haya. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nimefundisha kitabu cha Mwanzo na kulipita swali hili kwa kusema kwamba Biblia si kitabu cha sayansi. Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini nilikuwa nikiitumia kama mlango wa nyuma wa kutokea.

Hatuna budi kukumbuka hali ya watoto wetu. Siku za juma mtoto wa Tanzania husoma darasani habari za zamadamu, za fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959, na za nyayo za Laetoli zilizofukuliwa kuanzia mwaka 1978, zenye umri wa miaka ipatayo milioni 3.6. Jumapili husikia habari za Adamu. Hakuna mtu amwambiaye jinsi habari hizi mbili zinavyoweza kukaa katika kichwa kimoja, naye hujifunza mapema kumpa kila mwalimu jibu analolitaka. Huo ni mwanzo mbaya kwa imani, na ni mwanzo mbaya kwa elimu pia.

Kitabu chenyewe

Visiwa vya Galápagos viko katika Bahari ya Pasifiki, kiasi cha kilomita 1,000 magharibi ya Ekuado. Charles Darwin alifika huko mwaka 1835, akiwa kijana wa miaka 26 aliyemaliza masomo Cambridge na ambaye baba yake alikuwa ametazamia awe kasisi wa Kanisa la Uingereza. Husimuliwa mara nyingi kwamba aliwaona chiriku wa visiwa hivyo akafahamu yote papo hapo. Sivyo ilivyokuwa. Alikusanya ndege wengi bila kuandika vema kila mmoja ametoka kisiwa gani, naye alidhani wengine wao ni wa jamii tofauti kabisa. Ni John Gould, mtaalamu wa ndege, aliyemwonyesha huko London mwaka 1837 kwamba walikuwa wa jamii moja, kila aina ikiwa na mdomo wake: mmoja mnene wa kupasulia mbegu, mwingine mwembamba wa kudonolea wadudu. Darwin alipokitoa kitabu chake juu ya asili ya aina za viumbe mwaka 1859, alifikiri kwamba mabadiliko hayo huenda polepole mno hata mwanadamu hawezi kuyaona yakitendeka.

Weiner anasimulia habari za watu walioyaona. Peter na Rosemary Grant, mume na mke, wanasayansi waliozaliwa Uingereza, walianza mwaka 1973 kufanya kazi katika kijisiwa cha Daphne Major. Hakina mtu wala maji ya kunywa. Ni mteremko wa mawe unaochomoza baharini, na anayeshuka mashuani hana budi kuruka juu ya mwamba wakati wimbi linapoinuka. Wao na wasaidizi wao waliwakamata chiriku, wakawavisha pete za rangi miguuni, wakawapima urefu wa bawa, uzito, na urefu na kimo cha mdomo. Baada ya miaka michache walimjua karibu kila ndege wa kisiwa hicho, na baba yake, na mama yake, na makinda yake. Waliendelea kurudi huko kwa muda wa miaka ipatayo 40. Nakiri kwamba uvumilivu huu ulinigusa kabla hoja haijanigusa. Wachungaji wangapi wanaijua mitaa yao hivyo?

Mwaka 1977 mvua zilikosekana. Zilinyesha takriban milimita 24 tu. Hapo mwanzo chiriku wa wastani wa ardhini, ambao ndio waliochunguzwa zaidi, walikuwa kama 1,200. Mwisho wa mwaka walibaki kama 180. Mbegu ndogo na laini ziliisha kwanza. Zilizobaki zilikuwa kubwa na ngumu, hasa za mmea ulio ndugu wa mbigili, ile miiba yetu itoboayo kandambili na matairi ya baiskeli. Chiriku mwenye mdomo mnene aliweza kuipasua na kula. Mwenye mdomo mwembamba kidogo tu kuliko huo alijaribu, akashindwa, akafa kwa njaa. Tofauti kati ya wastani wa midomo ya kabla ya ukame na ya wale waliosalia ilikuwa kama nusu milimita. Mvua iliporudi mwaka 1978 waliosalia walizaa, na makinda yao yalipokua yalikuwa na midomo minene kuliko ilivyokuwa ya kizazi kilichopita, kwa sababu ukubwa wa mdomo hurithiwa.

Hapa nilipeleka maelezo yangu kwa mwalimu wa biolojia wa shule moja ya sekondari ya kanisa, ambaye ni mtu wa tatu aliyekisoma kitabu, naye akanisahihisha kwa kalamu nyekundu kama asahihishavyo wanafunzi wake. Nilikuwa nimeandika kwamba ndege “walizoea” mbegu ngumu. Aliandika pembeni: “Mchungaji, hakuna ndege aliyezoea kitu. Waliokuwa na mdomo huo walikuwa nao tangu kuzaliwa.” Kosa langu ni kosa la wengi, na ndiyo maana nalitaja. Nadharia haisemi kwamba kiumbe hujibadilisha kwa kutaka au kwa kujitahidi. Inasema kwamba watoto wa wazazi wamoja hawafanani kabisa. Kwamba baadhi ya tofauti zao hurithiwa. Kwamba huzaliwa wengi kuliko wawezao kuishi. Na kwamba mahali na wakati huamua ni tofauti ipi itakayomsaidia mtu wake kuishi na kuzaa. Hayo ndiyo yaitwayo uteuzi wa asili. Vilevile nadharia haisemi kwamba mwanadamu alizaliwa na nyani tunayemwona leo porini. Inasema kwamba yeye na sokwe wana mababu wamoja waliokwisha kutoweka zamani sana.

Tena uteuzi huo hauendi upande mmoja daima. Kati ya mwaka 1982 na 1983 Galápagos ilipata mvua kubwa ya Elninyo. Sisi tulilizoea neno hilo kwa mvua za 1997 na 1998, zilizokata barabara na kubomoa madaraja yetu. Katika Daphne Major mimea itambaayo ilifunika kila kitu, mbigili ikasongwa, na ardhi ikajaa mbegu ndogo. Ukame uliporejea baada ya hapo, wenye midomo midogo ndio waliopata nafuu. Miaka kumi baada ya kitabu cha Weiner kutoka, katika ukame wa 2004 na 2005, chiriku wakubwa waliokuwa wamehamia kisiwani walizimaliza mbegu kubwa, na safari hii wenye midomo minene miongoni mwa wale wa wastani ndio waliokufa zaidi. Mwaka 2016 watafiti walitaja hata jeni moja, iitwayo HMGA2, inayohusika sana na ukubwa wa midomo hiyo.

Mwanafunzi wangu aliniuliza kama haya hayawezi kukubaliwa hata na wale waliomfundisha katika semina, maana mwisho wa yote chiriku amebaki chiriku. Swali ni la haki. Kitabu cha Weiner peke yake hakithibitishi kila kitu, na nusu milimita si safari ndefu. Lakini katika visiwa hivyo mna aina 13 au zaidi za chiriku, na uchunguzi wa jeni unaonyesha kwamba wote ni uzao wa ndege wa namna moja waliovuka bahari kutoka bara la Amerika. Sisi nasi tunao mfano wetu katika furu wa Ziwa Victoria, aina mamia ambazo haziko mahali pengine popote duniani, ambazo wanasayansi wanazihesabu kuwa miongoni mwa zilizotokea upesi kuliko zote zinazojulikana, na ambazo tumezipoteza kwa wingi tangu sangara aletwe ziwani katika miaka ya 1950. Yako pia mabaki ya kale yaliyomo miambani. Mtu anaweza kubishana juu ya jambo moja moja. Kuyakataa yote kwa pamoja, kwa kadiri nionavyo mimi, ni kusema kwamba Mungu ameujaza ulimwengu wake ushahidi wa uongo.

Na kwa wale wanaodhani kwamba habari hizi ni za visiwa vya mbali, nasema watazame kabati la dawa. Klorokwini iliponya malaria kwa miaka mingi. Kisha vikatokea vimelea ambavyo havikuuawa nayo, vikazaliana mahali pa vile vilivyouawa, hata mwaka 2001 Tanzania ikaiacha kuwa dawa ya kwanza na kutumia SP; na miaka michache baadaye SP nayo ikaiachia nafasi dawa ya mseto. Malawi iliiacha klorokwini mapema zaidi, mwaka 1993, na baada ya miaka kama kumi vimelea vinavyokufa kwa klorokwini vilikuwa vimerudi kutawala huko, kama vile midomo midogo ilivyorudi Daphne Major baada ya mvua. Kila mchungaji wa umri wangu amezika watoto katika kipindi kile cha dawa zilizokuwa zikishindwa. Kumwambia mganga wa zahanati kwamba mageuko ni hadithi ya wasioamini ni kumwambia asijue adui yake anavyopigana.

Barakoa za Mungu

Je, Muumba yuko wapi katika habari hizi? Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, ambayo vijana wetu wa kipaimara huikariri, inapolieleza Fungu la Kwanza la Imani haianzi na nyota wala na siku sita. Inaanza na mimi. Mungu ameniumba mimi, pamoja na viumbe vyote, akanipa macho, masikio na viungo vyangu. Kila mtoto anayekariri maneno hayo anajua kwamba ana baba na mama. Anajua kwamba mkunga alikuwapo. Hakuna aliyewahi kusimama katika darasa la kipaimara na kusema, “Mwinjilisti, hapa pana kosa, mimi sikuumbwa, mimi nilizaliwa.” Tunaungama mambo yote mawili kwa pumzi moja, wala hatuoni shida. Kuzaliwa ndiyo njia. Aliyeumba ni Mungu.

Luther aliieleza njia hiyo kwa mfano wa barakoa. Mkulima alimapo na mama anyonyeshapo, alisema, Mungu mwenyewe ndiye atendaye kazi akiwa amejifunika viumbe vyake kama mtu aliyevaa barakoa. Asiyeiona barakoa hatamwona Mungu wazi wazi. Na adhaniye kwamba hapana kitu nyuma ya barakoa amekosea pia. Mfano huu unatusaidia sana. Ikiwa Mungu ananilisha kwa mikono ya mkulima na ananiumba kwa tumbo la mama yangu, sioni kwa nini ashushwe heshima akiwapa chiriku midomo yao kwa mbegu, ukame na urithi. Hata sura ya kwanza ya Mwanzo inasimulia kwamba Mungu aliiamuru nchi izae viumbe hai. Nchi yenyewe ilipewa kazi ya kufanya.

Hata hivyo tusimfanye Luther kuwa shahidi wa jambo asilolijua. Katika mihadhara yake juu ya Mwanzo, aliyoianza mwaka 1535, alishika kwamba siku sita ni siku kama hizi zetu, tena alipingana waziwazi na Augustino aliyefikiri kwamba Mungu aliumba yote kwa mara moja na kwamba siku zile zina maana nyingine. Basi katika mababa zetu wawili tuna tafsiri mbili, na kanisa halikumtenga yeyote kati yao kwa ajili hiyo. Huyo Augustino, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, alikwisha kuonya kwamba ni aibu na hatari Mkristo anapozungumza upuuzi juu ya mambo ya dunia na mbingu huku akidai anaeleza Maandiko, kwa sababu msikilizaji asiyeamini, ambaye anayajua mambo hayo kwa hakika, hatatuamini tena tunapomweleza habari za ufufuo. Onyo hilo ningependa lisomwe katika kila semina ya vijana.

Kwa mwanafunzi wangu hoja hizi zilikuwa za lazima, lakini si ndizo zilizomfungua. Tuliifungua Katekisimo mahali inapouliza ni nani apokeaye Sakramenti kwa kustahili. Jibu ni kwamba ni yule aaminiye maneno yasemayo kuwa mwili na damu vimetolewa kwa ajili yake. Nilimwomba anionyeshe katika jibu hilo mahali panapotaja umri wa dunia. Aliusoma ukurasa ule mara mbili. Sikumwuliza zaidi siku ile, wala sijamwuliza tangu hapo. Jumapili ya pili ya Kwaresima, wakati wa Chakula cha Bwana, niliona kwamba aliyekaa kwenye kinanda ni mtu mwingine.

Ndege wa tano

Natamani ningeweza kuishia hapo, lakini ugumu ulio mkubwa zaidi katika kitabu hiki hauhusu siku sita. Unahusu wale ndege elfu moja waliokufa. Mdomo mzuri wa chiriku, ambao tungependa kuutaja katika mahubiri ya shukrani ya mavuno, umechongwa na njaa. Kila nusu milimita imelipiwa mizoga. Nasi tumefundishwa kwa Paulo kwamba mauti iliingia kwa dhambi. Chiriku walikosa nini?

Wafafanuzi wengi husema kwamba katika sura ya tano ya Warumi Paulo ananena juu ya mauti ya wanadamu, nami naona wamesema sawa. Zaburi ya 104 inamsifu Mungu kwa sababu simba hunguruma wakitafuta mawindo kwake, bila kuomba radhi kwa niaba ya swala. Katika sura za mwisho za Ayubu, Mungu anataja makinda ya tai wanywao damu, na anayataja kama mtu anayeonyesha kazi ya mikono yake. Lakini Paulo huyo huyo anasema pia kwamba uumbaji wote unaugua. Katika Mabishano ya Heidelberg ya mwaka 1518 Luther alifundisha kwamba mwanatheolojia wa msalaba huliita jambo kwa jina lake halisi. Basi njaa na iitwe njaa. Wako waandishi Wakristo wanaopokea nadharia ya mageuko kwa furaha nyingi mno, wakiusifu utaratibu mzuri wa Mungu, kana kwamba hawajapata kusikia harufu ya mzoga. Hao siwezi kuwafuata.

Mimi niliisikia. Mwaka 2009 nilikuwa mchungaji kijana katika mitaa ya tambarare za Longido, wakati ukame ulipowamaliza ng’ombe wa kaskazini mwa nchi yetu na wa kusini mwa Kenya. Tulikwenda ibadani tukizunguka mizoga. Mzee mmoja wa kanisa, mwinjilisti mstaafu, alikuwa na ng’ombe wengi, wakabaki wachache, nao walikuwa wadogo wa umbo, wenye nundu, wale ambao watu walikuwa wakiwadharau mnadani. Kwa sababu hiyo yeye ndiye niliyetaka kumsimulia kitabu hiki. Mwaka jana nilikwenda kumsalimu, nikakaa naye chini ya mgunga ulio mbele ya nyumba yake, nikamweleza yote, kuanzia pete za miguuni hadi mbigili. Hakushangaa hata kidogo kusikia kwamba ukame huchagua. Hilo, alisema, kila mfugaji analijua. Aliniacha nimalize, ndipo akauliza:

“Mchungaji, hao waliokuwa wakiwahesabu ndege, waliwapa chakula?”

Nilimjibu kwamba hawakuwapa. Kama wangewalisha, wasingeweza kujua kisiwa chenyewe kingefanya nini.

“Wala maji?”

“Wala maji, Mzee.”

“Kwa hiyo walikaa wakiangalia.” Alinyamaza kwa muda, akichora chini kwa fimbo yake. “Na Mungu je? Naye alikuwa akihesabu tu?”

Katika miaka yangu yote ya kufundisha dogmatiki sijapata kuulizwa swali hilo kwa unyofu namna hiyo. Nilimkumbusha maneno ya Bwana juu ya shomoro. Katika Mathayo wawili huuzwa kwa senti moja. Katika Luka watano huuzwa kwa senti mbili. Anayepiga hesabu ataona kwamba yule wa tano ni nyongeza ya muuzaji, hana bei. Na juu ya huyo asiye na bei Bwana anasema kwamba hasahauliwi mbele za Mungu. Nilimwambia pia neno ambalo huwa tunaliharakisha: Bwana hasemi kwamba shomoro haanguki. Anasema haanguki pasipo Baba. Mtu na mke wake walioketi juu ya mwamba ule walimjua kila ndege kwa pete yake, nao walibaki nje ya kifo chake. Tunaloungama juu ya Mungu ni zaidi ya hilo, kwamba katika Mwana wake ameingia mahali shomoro anapoangukia. Kwa nini anauacha ulimwengu uende kwa njia hii, sijui. Nilimwambia mzee hivyo hivyo, kwamba sijui.

“Huyo wa nyongeza ndiye ninayemwulizia,” alisema. “Wale wakubwa wana watu wa kuwasemea.”

Hasomi Kiingereza, lakini aliniomba nimwachie kitabu usiku ule atazame picha. Asubuhi nilimkuta amekifungua penye michoro ya midomo, akiilinganisha mmoja baada ya mwingine kwa ncha ya kidole, na mjukuu wake wa kidato cha tatu amesimama nyuma ya bega lake akimsomea majina yaliyoandikwa chini yake. Binti huyo aliniuliza kama angeweza kubaki nacho mpaka likizo iishe. Likizo imekwisha, shule zimefunguliwa, na kitabu hakijarudi. Sijatuma mtu kukidai.